Atakayekuja Baadaye Atakuta Nini Mezani?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi katika ukumbi wa jamii hapa Mombasa, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, wazazi wao na majirani. Wengi mliokosa mmeniomba niiweke nzima. Ndiyo hii.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale ambao sijawafikia kwa salamu hizo mbili, hamjambo?

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, na ninyi vijana mliobanana kule mlangoni kana kwamba nitawaita mahudhurio: itifaki imezingatiwa. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na mwalimu wa historia akipewa maikrofoni ni taabu. Nikizidisha, mniwie radhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya serikali na faragha ya mwananchi. Nitaanza na swali. Nani hapa hana siri? Asiye na siri anyooshe mkono.

Naona mikono mingi, na mingi ni ya vijana. Wewe mwenye shati la buluu, simama. Unasema huna cha kuficha. Vizuri sana. Basi toa simu, fungua M-Pesa, utusomee miamala yako yote ya mwezi uliopita. Kwa sauti, wazee wasikie. Umemtumia nani, saa ngapi, shilingi ngapi.

Mbona simu imerudi mfukoni?

Msimcheke. Kwani kaiba? Hakuiba. Amemtumia mamake elfu moja, amemkopesha rafiki, amelipa deni la duka, na labda kuna mtu mmoja amemtumia ambaye mamake hajamjua bado. Hakuna kosa hata moja hapo. Lakini si yetu. Nyumba zetu za mji huu zina pazia mlangoni. Mlango uko wazi kutwa, upepo unapita, na pazia limeshuka. Umeshamsikia jirani akisema wenye pazia lile lazima wamemficha maiti ndani?

Leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Serikali ikitaka kuingia ndani ya maisha ya watu, mara nyingi huja na sababu nzuri. Huja na dawa, huja na usalama, huja na maadili ya taifa, huja na umoja. Na anayeileta sababu hiyo huenda ni mtu mwema kweli. Mimi sina haja ya kubishana na wema wake. Mimi nauliza jambo jingine: akishaondoka, atakayekuja baadaye atakuta nini mezani? Atakuta orodha gani, atakuta daftari la nani, atakuta amri gani ambayo haijafutwa?

Twendeni nyuma kidogo. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba kipande. Wazee hapa wamekiona au wamesimuliwa: karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati, kikopo kimetiwa kamba, kamba imevaliwa shingoni. Ndani yake jina, kabila, mahali alikotoka, alama za vidole, na historia yote ya kazi: alimfanyia nani kazi, kwa mshahara gani, aliacha lini.

Iangalieni hiyo sehemu ya kazi kwa makini, kwa sababu ndipo ilipokuwa sumu. Ili kuhama kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, ulihitaji bwana wa kwanza atie sahihi kwamba amekuachilia. Asipotia, umenasa. Ukiondoka hivyo hivyo, wewe ni mtoro, na utasakwa kwa vidole vyako mwenyewe mpaka kijijini kwenu. Na ukifika kwa bwana mpya, anafungua kikopo anasoma ulikuwa ukilipwa kiasi gani. Ulikuwa ukilipwa kidogo? Atakulipa kidogo. Mazungumzo yamekwisha kabla hujafungua mdomo.

Watu walikichukia kipande. Machi 1922, Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu serikalini Nairobi na kuongoza chama cha kuwatetea Waafrika, alikamatwa. Miongoni mwa madai yake lilikuwamo hilo la kipande, na kodi, na mishahara kukatwa, na wasichana kulazimishwa kazi. Umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kulegea, Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake akawaambia wachukue gauni lake wampe suruali zao. Polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilikiri watu 21 walikufa. Wengine walisema walikuwa zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Halafu kuna kituko ambacho sikuacha kukifundisha hata mwaka mmoja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali iliamua kubadilisha mambo: sheria mpya ya mwaka 1947 ingewaandikisha watu wa rangi zote, na wote wangetiwa alama za vidole. Wote! Mnajua nani walipiga kelele? Walowezi. Wale wale waliokuwa wakisoma vikopo vya wenzao kwa karibu miaka 30 wakagundua ghafla kwamba kutiwa wino vidoleni ni kudhalilishwa, ni kufanywa wahalifu. Wakafanya mikutano, wakaandika magazetini, mpaka tume ikaundwa kulitazama jambo lao. Siwacheki sana. Walikuwa na haki ya kulalamika. Ajabu yangu ni kwamba walihitaji wino ufike kwenye vidole vyao ndipo waione.

Na kipande kilidaiwa kuwa cha nini? Cha kupanga kazi tu, kuweka kumbukumbu. Lakini serikali ilishazoea kumjua mtu kwa karatasi yenye kabila lake. Ilipofika Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, wanajeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi katika ile Operesheni Anvil, wakawa wanakagua karatasi mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine, maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini. Yule karani wa mwaka 1919 aliyeandika kabila kwenye daftari, je, aliliwaza hilo? Sidhani. Lakini daftari halikumuuliza karani.

Ndugu zangu, msinifahamu vibaya mkadhani nasema ukoloni peke yake. Tumekuwa na Uhuru, na bado tumechunguliwa na watu wetu wenyewe.

Mnaukumbuka mlolongo? Vijana hawaujui. Mwaka 1988, kuchagua wagombea wa KANU, na KANU ndicho kilichokuwa chama pekee, hakukuwa na sanduku wala karatasi. Mlisimama uwanjani nyuma ya mgombea au nyuma ya aliyeshika picha yake, mchana, kila mtu akiwaona. Mkihesabiwa na mgombea akapata asilimia 70, basi, amekuwa mbunge, hakuna kura ya siri tena. Na kote nchini kulikuwa na malalamiko kwamba mstari mfupi umetangazwa mrefu.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri. Mlolongo ni rahisi, hauna gharama, hakuna karatasi za kuibwa, kila mtu anaona kwa macho yake. Nani atapinga uwazi?

Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kibanda cha mahamri na chai. Asubuhi ile alitoka nyumbani akimtukana mgombea mmoja njia nzima, matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya masheikh na wachungaji. Tulipofika uwanjani alikuwapo mtu mmoja wa mtaa, simtaji, amesimama pembeni na daftari la shule, lile la mistari, kalamu imewekwa sikioni. Haandiki kitu. Anatazama tu. Mamangu akamtazama, akavuta leso yake, akaenda akasimama nyuma ya mgombea yule yule aliyekuwa akimtukana. Nilikuwa mwalimu kijana, nina moto. Jioni nikamuuliza, mama, mbona kule? Akanijibu akiendelea kukanda unga: "Kwani kibanda changu nitakihamishia wapi?"

Hakupigwa. Hakutishwa na mtu. Hakuambiwa hata neno moja. Mnaona? Hakuna aliyemgusa. Ilitosha aonekane. Kura ya moyoni ilitolewa nje ikasimamishwa juani, na mtu mwenye kibanda, mtu mwenye mtoto anayetafuta nafasi ya shule, mtu mwenye shamba lisilo na hati, hawezi kuwa shujaa kila asubuhi.

Baadhi ya viongozi wa makanisa waliliona hilo mapema. Walisema mchungaji akisimama nyuma ya mtu mmoja hadharani, kesho atawahubiria vipi waliosimama nyuma ya mwingine? Wakapewa ruhusa ya kutopanga mstari. Wauza mahamri hawakupewa ruhusa. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa mwaka 1990.

Sasa, kuna walio hapa ambao siasa haiwasumbui. Wanasema, mwalimu, mimi si mwanasiasa, nina kazi yangu na familia yangu. Haya. Tuje kwenye nguo, maana nguo kila mtu anavaa.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, Dar es Salaam, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969 ni marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Sababu? Kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe kufika, wanawake walishavamiwa Kariakoo na kushushwa mabasini na vijana waliojipa kazi ya kupima mapaja ya watu. Mimi mwenyewe sizipendi krimu za kujichubua, zimewaharibu wengi. Lakini nauliza: mbona suti na tai za wakubwa hazikuguswa? Utamaduni wa taifa ulikuwa umewekwa kwenye goti la mwanamke peke yake? Na Uganda, mwaka 1972, Idi Amin naye alipiga marufuku sketi fupi. Wakati huo huo watu wake walikuwa wakipotea. Ukiona serikali inahesabu inchi za nguo, tazama ni nini haitaki ukihesabu.

Unguja ilifika mbali zaidi. Septemba 1970, mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali ya wakati wa Mzee Karume. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kuondoa ubaguzi wa rangi, kwamba familia zile zilikuwa zikikataa kuoana na Waafrika. Ubaguzi ulikuwapo, hilo halikatai mtu mwenye kujua historia ya visiwa vile. Lakini nawauliza wenye mabinti humu ndani: kuna ubaguzi gani unaoponywa namna hiyo? Kina mama mnatikisa vichwa. Sina la kuongeza.

La Rwanda ndilo linalonikosesha usingizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu wa Rwanda na kuwapa kadi. Kwenye kadi, pamoja na jina, kukaandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo mambo hayo yalikuwa na ulaini fulani. Mtu aliweza kuvuka kadiri maisha yake yalivyobadilika. Karatasi ikayagandisha, na ya baba ikawa ya mtoto. Mwaka 1962 nchi ikapata uhuru. Wangeweza kukifuta kile kipengele. Hawakukifuta. Kilikuwa kinafaa: kugawa nafasi za shule, kugawa kazi. Miaka 30 mingine kikakaa pale pale, mstari mmoja mdogo wa wino, na raia wakakibeba mfukoni kila siku kama unavyobeba chako sasa hivi.

Aprili 1994 vizuizi vikawekwa barabarani. Aliyesimama kwenye kizuizi hakuwajua wapitao. Hakuhitaji kuwajua. Alisema: toa kitambulisho.

Aliyeibuni kadi ile alikuwa mtu wa ofisini wa miaka ya 1930. Alitaka hesabu zake zikae sawa. Aliyekuja baadaye alikuta nini mezani?

(Hapa nilinyamaza kidogo, na mzee mmoja wa mbele akasema "Subhanallah". Nikaendelea.)

Turudi nyumbani, na turudi karibu. Februari 2015 Ikulu ya Kenya ilitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti, pamoja na wakurugenzi wa elimu na afya, wakusanye taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Taarifa za walezi wao pia zilitakiwa, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia ilikuwa kuhakikisha watoto wanapata dawa. Naamini kabisa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Nani asiyetaka mtoto apate dawa?

Lakini tulieni tuifuate karatasi hiyo. Muuguzi anajua, hiyo ni kazi yake na ameapa. Sasa mwalimu mkuu ajue. Mwalimu mkuu amempa karani aandike kwenye kompyuta. Karani amekwenda chumba cha pili, orodha iko wazi kwenye kioo, mwenzake ameingia kuomba chaja. Fomu zimekwenda kwa afisa wa elimu ndani ya bahasha, bahasha imewekwa juu ya meza, na mezani wanapita wazazi wanaokuja kutafuta uhamisho wa shule. Nimekaa katika ofisi za shule maisha yangu yote. Nawaambia, kabati la shule linafungwa kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya kabati hilo hilo.

Mtoto wa darasa la tano ambaye amekunywa dawa zake kila usiku, mamake akimwambia ni vitamini, anafika shuleni Jumatatu anakuta dawati lake linakaliwa na yeye peke yake. Mtamwambia nini? Kwamba nia ilikuwa njema?

Mashirika ya haki yalikwenda mahakamani, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba, likaingilia faragha na maslahi ya mtoto. Akaamuru taarifa zilizokwisha kusanywa ziwekwe kwa namna ambayo jina haliwezi kuunganishwa na hali ya mtu, na akatoa siku 45. Angalieni pia hakimu hakusema watoto wasipewe dawa. Dawa na orodha ya majina ni vitu viwili. Tumezoea kuvipokea kwa pamoja mpaka tukadhani ni kimoja.

Kisha ikaja Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa huduma zote za serikali, na hii mnaikumbuka, foleni mlipiga wenyewe mwaka 2019. Sheria iliyoileta ilipenyezwa katika mswada wa marekebisho mchanganyiko wa mwaka 2018, yale marekebisho ambayo mtu husoma kurasa mbili akalala. Ndani yake serikali ilijipa uwezo wa kuchukua DNA yako na mahali hasa nyumba yako ilipo kwa satelaiti. Tuliambiwa asiye na namba hatapata huduma. Hapa kwetu watu waliamka usiku kwenda kupanga foleni kwa chifu, kina mama na watoto mgongoni, kwa hofu.

Waliokwenda mahakamani wa kwanza walikuwa Wanubi wa Kenya. Mnajua kwa nini ni Wanubi? Kwa sababu wao, kama Wasomali, kama wengi wa watu wetu wa pwani, wanakijua kile chumba cha kamati ya wazee ya kuwahoji wanaotafuta kitambulisho: lete cheti cha babu, babu alizaliwa wapi, jina hili mbona ni la Kiarabu, taja mto ulio karibu na kwenu. Kijana wa miaka 18 jina Kamau alichukua kitambulisho, kijana wa miaka 18 jina Abdalla alihojiwa. Wanubi walisema: mkifungia kila huduma kwenye namba moja, sisi mnaotunyima karatasi tutaishi vipi? Hilo ndilo watu hulisahau. Serikali inayotaka kujua kila kitu juu yako ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukutazama machoni ikasema haikujui.

Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir, walizikataa hizo sehemu za DNA na za mahali pa nyumba, na wakasema mpango usiendelee mpaka kuwe na sheria kamili za kulinda data. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema utoaji wa kadi ni batili kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu, kama sheria ya mwaka 2019 inavyotaka. Mabilioni ya shilingi yalishatumika. Kadi zenyewe wengine hapa wanazo kwenye droo, chini ya risiti za stima.

Hayo yameisha? Hayajaisha. Mswada wa Fedha wa 2025 ulitaka kufuta kifungu kinachoizuia KRA, mamlaka ya kodi, kuwalazimisha wafanyabiashara kuipa data za siri za wateja wao. Kamati ya bunge ilikataa kukifuta, shukrani kwao na kwa wananchi waliopeleka maoni. Lakini kijana wangu wa shati la buluu, ile simu uliyoirudisha mfukoni, kuna watu walikuwa wakiulizana Nairobi namna ya kuifungua.

Najua kuna mtu anasubiri kuniuliza: na ugaidi? Swali la haki. Mji huu umezika watu. Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, waliuawa. Lakini mwaka mmoja kabla yake, Aprili 2014, serikali ilifagia maelfu ya watu Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani, na wengine walikuwa na vitambulisho halali mkononi. Kufagia kule kuliwalinda wale wa Garissa? Sisemi polisi wasifanye kazi. Polisi mwenye shaka juu ya mtu aende kwa hakimu apewe kibali cha kumpekua mtu huyo. Hiyo ni tofauti na kupekua mtaa mzima ili tuone kitakachodondoka.

Na sisemi tuikimbie serikali. Mtoto asipoandikwa kuzaliwa, umemwonea. Agosti 2023 vijana walipanga foleni KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, kwa malipo ya kama shilingi elfu saba, na ni serikali ndiyo iliyokuja kusimamisha. Pale ilifanya kazi yake. Nalisema kwa sababu ni haki lisemwe. Lakini pia nawaambia vijana: elfu saba zimeisha, macho ni yale yale.

Tunacho cha kushikilia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 ni kifupi, nilikuwa nikiwakaririsha. Mwili wako, nyumba yako na mali yako visipekuliwe. Vitu vyako visitwaliwe. Habari za familia yako na mambo yako ya faragha zisitakwe wala kufichuliwa isivyo lazima. Mawasiliano yako yasiingiliwe. Chukueni hayo maneno, isivyo lazima. Ndiyo silaha ya mtu wa kawaida dirishani. Afisa akikwambia jaza hapa dini yako, muulize kwa adabu: afisa, hii ni ya lazima? Sheria gani? Itakaa wapi, na nani mwingine ataiona? Si ukorofi. Wengi wao hawajui jibu, na mara nyingine wakikosa jibu wanaacha nafasi ile wazi. Akikukatalia huduma, iko ofisi ya Kamishna wa Data, na kulalamika ni bure.

Lakini tuanze na sisi. Kila jengo la mji huu lina askari mwenye daftari kubwa getini: jina, simu, namba ya kitambulisho, unakwenda kwa nani. Tunajaza bila kufikiri, na ukurasa mzima wa waliotangulia uko wazi mbele yako. Daftari likijaa linakwenda wapi? Nilimuuliza askari mmoja. Alisema wanafungia maandazi.

Na leo nilipoingia hapa, pale mlangoni, nimekuta karatasi ya mahudhurio imepigwa mistari vizuri. Jina. Mtaa. Simu. Namba ya kitambulisho. Mwenyekiti, nakuheshimu sana na nimekufundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo utanivumilia. Namba ya kitambulisho ya nini? Mnataka kujua tulikuwa wangapi ili mpange viti na chai ya mara ijayo. Viti havina haja ya namba yangu ya kitambulisho. Watu wamekuja kusikiliza mazungumzo juu ya serikali, na tumewaandika wote, kwa jina na kwa mtaa, katika karatasi moja. Kesho mtu akija kwako akasema, mwenyekiti, wewe ni mtu mwema, nipe nakala?

Naomba katibu alete mkasi, aikate ile safu ya mwisho sasa hivi, tukiwa wote tunaona, kisha tuanze maswali. Mama pale nyuma, wewe ndiye wa kwanza.